Kurudisha Seva Ofisini Hakutatuokoa

Jumatatu ya Oktoba 20, 2025, kabla hata ya saa nne asubuhi kwa saa zetu, kanda kongwe, yaani kundi la vituo vya data, ya huduma ya wingu ya Amazon iitwayo Amazon Web Services, iliyoko Virginia ya Kaskazini, Marekani, iliyumba. Kwa saa zipatazo kumi na tano huduma zinazoitegemea zikawa zinapanda na kushuka: Snapchat, Signal, Duolingo, hata benki za Uingereza. Siku tisa baadaye ikawa zamu ya Azure, wingu la Microsoft, na Novemba 18 ikawa Cloudflare, kampuni ambayo tovuti nyingi hupitia kwake. Tangu hapo, kila ninapoitwa kuzungumza na wenye kampuni kuhusu mifumo yao, hakosekani mmoja wa kusema, "Si mnaona? Wingu limeshindwa. Turudishe seva zetu ofisini." Ninaielewa hofu hiyo na siidharau, kwa sababu anayeisema ndiye atakayelipa mishahara mwisho wa mwezi, mfumo uwe juu au uwe chini. Lakini tiba anayoitaka si ya ugonjwa alionao. Kinachoziangusha biashara zetu ni mifumo iliyosanifiwa kana kwamba mtandao haukatiki kamwe. Mfumo wa namna hiyo utaanguka ukiwa Virginia, utaanguka ukiwa Cape Town, na utaanguka ukiwa chini ya meza ya mhasibu.

Tuanze na kilichotokea siku ile, maana wengi wanadhani mitambo iliungua au data zilipotea. Amazon ina programu zinazosasisha zenyewe orodha ya anwani za hifadhidata yake iitwayo DynamoDB, ili kompyuta nyingine zijue pa kuipata. Programu mbili zinazofanya kazi hiyohiyo zilipishana vibaya. Iliyokuwa imechelewa ikaandika mpango wa zamani juu ya mpya. Ile nyingine, katika kufanya usafi wa kawaida, ikaufuta ule mpango wa zamani. Orodha ikabaki tupu. Hifadhidata ilikuwa nzima na inapumua, ila hakuna aliyejua inakaa wapi. Orodha ilirekebishwa saa sita na nusu mchana hivi kwa saa zetu, lakini mifumo mingine iliyokuwa imejifunga kwenye hifadhidata hiyo ilichukua hadi usiku wa manane kusimama tena. Wengi walioumia siku hiyo hawakuwa hata na mkataba na Amazon. Walikuwa wateja wa mtu aliyekuwa mteja wa Amazon, na mnyororo huo hakuna aliyewahi kuwachorea.

Sisi huku tulikuwa tumekwisha kupata darasa letu, na lilikuwa kali zaidi. Februari 2024 mikonga mitatu, zile nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari, ilikatika katika Bahari ya Shamu, ukiwemo wa Seacom, kwa hiyo njia ya kaskazini kwenda Ulaya ikawa nyembamba. Kisha Jumapili ya Mei 12, 2024, mikonga ya EASSy na Seacom ikakatika yote miwili karibu na Durban, njia ya kusini. Tanzania, ambayo intaneti yake ilikuwa imeegemea mno mikonga hiyo miwili, ikakaa siku kadhaa ikitambaa. Kenya ilipata nafuu mapema kuliko sisi kwa kuwa Mombasa ina milango mingine, kama TEAMS uendao Fujairah na PEACE. Angalieni jambo hili: waliokuwa wamehamishia mifumo yao Afrika Kusini kwa hoja kwamba ni Afrika, ni karibu na ni salama, nao waliumia, kwa sababu kukatika kwenyewe kulitokea katikati yao na seva zao. Ukaribu unaoonekana kwenye ramani ya bara si ukaribu wa kwenye mkonga.

Jumatatu iliyofuata nilikuwa Kariakoo, kwenye duka la jumla la vifaa vya ujenzi ambalo mifumo yake nilikuwa nimeitwa kuikagua. Nje palikuwa na Canter tatu zimepanga foleni, madereva wamekaa kwenye kivuli cha mabodi. Ndani, keshia alikuwa amefungua kaunta buku na kuandika kwa mkono: jina la mteja, mabati mangapi, geji gani, fedha taslimu au deni. Stoo ilikuwa hatua ishirini tu kutoka kaunta, na mtunza stoo aliyasikia maagizo kwa masikio yake, lakini hakuruhusiwa kutoa mzigo bila hati ya kutolea mzigo kutoka kwenye printa, na printa ilikuwa inasubiri jibu kutoka seva iliyoko Ulaya. Kaunta, printa na stoo, vyote chini ya paa moja, vilikuwa vinazungumziana kupitia bara jingine. Mteja mmoja alingoja hadi adhuhuri, akaondoka. Kuingiza yale ya kwenye kaunta buku kulichukua siku mbili, na hesabu ya stoo haikukaa sawa mpaka walipofunga duka kuhesabu upya. Mwenye duka akaniambia maneno yaleyale: tuirudishe seva hapa. Nilimjibu kwamba anachokitaka hasa ni keshia wake aweze kuuza, na hilo ni jambo jingine kabisa.

Ili tuelewane, wingu ni kukodi kompyuta za mtu mwingine kwa saa, au hata kwa sekunde, badala ya kuzinunua. Amazon ndiyo iliyoifanya biashara hii kuwa ya kila mtu mwaka 2006, ilipoanza kukodisha nafasi ya kuhifadhi data mwezi Machi na mashine zenyewe mwezi Agosti. Wauzaji hupenda kusema unalipa kadiri unavyotumia, na Mtanzania akisikia hivyo mara moja anawaza LUKU. Hapo ndipo wengi walipoumia. LUKU unalipa kwanza, uniti zikiisha umeme unakatika, na hasara yako haizidi ulichonunua. Wingu linafanana zaidi na ile mita ya zamani ya kusomwa mwisho wa mwezi: hutakatiwa ukipitiliza, utaletewa ankara. Kijana akiwasha mashine kubwa ya majaribio Ijumaa jioni na kuisahau, itazunguka Jumamosi, Jumapili na sikukuu zote, na hakuna atakayebisha hodi.

Tena ankara hiyo ni ya dola. Mwanzoni mwa 2023 dola moja ilikuwa karibu shilingi 2,330. Kufikia Oktoba 2024 ilikuwa imepita 2,700. Kampuni iliyokuwa ikilipa dola 1,000 kwa mwezi iliona gharama ikipanda kwa zaidi ya shilingi laki tatu na nusu kila mwezi bila kuongeza mteja hata mmoja. Wenzetu wa Kenya waliona dola ikivuka shilingi 160 Januari 2024, kisha ikarudi kwenye 130 hivi miezi michache baadaye. Mfanyabiashara anayeuza saruji kwa shilingi na kulipia mfumo kwa dola amejiingiza kwenye biashara ya fedha za kigeni bila kukusudia. Hoja ya gharama, basi, ni hoja ya kweli, na anayeitupilia mbali hajawahi kuilipa ankara hiyo mwenyewe.

Ndiyo maana mifano ya waliotoka inasambaa sana. Dropbox, iliyokuwa ikihifadhi mafaili ya wateja wake kwa Amazon, ilihamia kwenye mitambo yake kufikia 2016, na hesabu ilizowasilisha ilipokuwa inaingia soko la hisa 2018 zilionyesha imeokoa karibu dola milioni 75 kwa miaka miwili. Kampuni ya programu ya 37signals ilitumia dola milioni 3.2 kwa huduma za wingu mwaka 2022, ikanunua seva zake yenyewe, na ankara ya wingu ikashuka hadi kama dola milioni 1.3 kwa mwaka. Namba hizi ni za kweli na ninazikubali. Lakini tazameni walichofanya. Hawakuweka seva kwenye kabati la ofisi. 37signals walikodi nafasi katika vituo vya data vya kitaalamu, zaidi ya kimoja, vyenye umeme wa njia mbili, ubaridi wa kudumu na mafundi wa zamu, na tayari walikuwa na watu waliofanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Matumizi yao pia hayapandi na kushuka sana, leo yanafanana na jana. Anayetumia kwa kiwango kilekile mwaka mzima hupoteza akikodi, kama ambavyo mwenye mizigo kila siku hupoteza akikodi Fuso kila asubuhi badala ya kununua lake. Shule inayojaa wakati wa udahili na kupoa baadaye, au duka la mtandaoni linalotegemea Ramadhani na Krismasi, haliko kwenye hali hiyo. Hapo kukodi kuna maana, na kununua ni kuinunulia mitambo miezi kumi ya usingizi.

Hoja ya pili ya wanaotaka kurudi nyumbani ni ya sheria na enzi juu ya data, nayo ni nzito kuliko inavyosemwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Kenya ina yake ya 2019, Uganda nayo ya 2019, na Rwanda kwa sheria yake ya 2021 inataka taarifa binafsi zitunzwe ndani ya nchi isipokuwa kwa kibali. Kwa hospitali, SACCOS au kampuni ya bima, mahali data zinapolala ni swali la kisheria, na lazima lijibiwe kwa maandishi kabla mkataba haujasainiwa. Ila kuna kosa linalofanywa mara kwa mara hapa. Watu wanadhani data ikiwa ndani ya mipaka basi imekombolewa. Sheria ya Marekani ya 2018 iitwayo CLOUD Act inaziruhusu mamlaka zake, kwa kufuata utaratibu wa kisheria, kuzidai kampuni za Marekani data zilizo mikononi mwao hata kama zimehifadhiwa nje ya Marekani. Kwa hiyo kampuni ya Kimarekani ikijenga kituo Dar es Salaam au Nairobi, swali la nani anaweza kuamuru data yako ifunguliwe linabaki palepale. Linajibiwa na anayeshika funguo za usimbaji, yaani za kuzigeuza data ziwe maandishi ya siri. Kama data zimefungwa kwa funguo ulizonazo wewe mwenyewe, mwenye jengo anatunza sanduku asiloweza kulifungua. Na hilo ni suala la usanifu.

Hoja dhaifu kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayopendwa kuliko zote, ni ile ya macho: seva ikiwa ofisini naiona, kwa hiyo iko salama. Nimeziona seva hizo. Ipo iliyokaa chumba cha kuhifadhia ndoo na mifagio, feni yake imejaa vumbi, UPS yake betri ilikufa mwaka juzi, na bakapu yake ni diski ya nje iliyochomekwa kwenye mashine ileile saa zote ishirini na nne. Umeme ukicheza, vinaungua vyote. Mwizi akija, anabeba vyote. Kirusi cha kufunga mafaili kikiingia, kinafunga vyote. Na asidhani mtu kwamba tatizo ni la wenye mitaji midogo. Septemba 26, 2025, moto uliotokana na betri uliwaka katika kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini mjini Daejeon. Mifumo 709 ya serikali ikazimika. Hifadhi yao ya mafaili ya watumishi wa umma, iliyoitwa G-Drive, terabaiti 858, ilipotea kwa kuwa haikuwa na nakala mahali pengine. Walikuwa wameona ni kubwa mno kunakiliwa. Hiyo ndiyo nchi ambayo wengi wetu tunaitazama kama kilele cha teknolojia, na seva zilikuwa zao, kwenye jengo lao, kwenye ardhi yao.

Upande wa pili nao wana hoja yao dhaifu, na haki inanitaka niiguse. Wapenzi wa wingu husema mtoa huduma ana bakapu, sisi tulale. Machi 10, 2021, jengo moja la kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa, liliteketea lote. Wapo wateja waliokuwa wamelipia huduma ya nakala rudufu, wakagundua kwamba nakala zilikuwa kwenye jengo lilelile. Mmoja alikwenda mahakamani Lille na 2023 akapewa fidia, lakini fidia haimrudishii mtu orodha ya wateja wake. Mfano mwingine, wa Mei 2024, mwezi uleule mikonga yetu ilipokatika: mfuko wa pensheni wa UniSuper wa Australia, wenye wanachama zaidi ya laki sita, uliamka na kukuta wingu lake binafsi ndani ya Google Cloud limefutwa. Chanzo kilikuwa kisanduku kimoja cha mipangilio kilichoachwa wazi wakati wa kuandaa huduma, mfumo ukakipa muda wa mwaka mmoja, na mwaka ulipoisha ukafuta. Kilichowaokoa ni kwamba walikuwa na nakala nje ya wingu hilo lililofutwa, zikiwemo za kwa mtoa huduma mwingine kabisa. Nadhani kuna mtu pale UniSuper ambaye, kabla ya siku hiyo, aliitetea gharama ya nakala ambayo wakati huo ilionekana haina kazi. Namwaza sana mtu huyo.

Basi, kama si wingu wala si ofisini, usanifu ninaoupigania unafananaje? Mfano tunao kwenye kila kaunta ya nchi hii na hatujawahi kuutazama kwa jicho hilo. Mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, iliyoanza kutumika Tanzania mwaka 2010 haisubiri Mamlaka ya Mapato (TRA) ijibu ndipo itoe risiti. Inaandika mauzo kwenye kumbukumbu yake ya ndani, inachapa, mteja anaondoka, na taarifa inatumwa baadaye kupitia mtandao wa simu. Mita ya kawaida ya LUKU ni fundi zaidi. Zile tarakimu ishirini za tokeni zimefungwa kwa ufunguo ambao mita yenyewe inao tumboni. Inazifungua peke yake, haimpigii mtu simu. Mfumo wa kuuza tokeni ukishuka usiku, utakosa kununua, lakini uniti zilizomo zitaendelea kuwasha taa. Waliosanifu vitu hivi viwili walijiuliza swali moja mapema sana: nini lazima kifanyike papo hapo, na nini kinaweza kusubiri?

Swali hilo ndilo linalokosekana kwenye mikataba ninayoisoma. Mwenye duka anauliziwa watumiaji wangapi, rangi gani ya nembo, ripoti ngapi. Hakuna anayemuuliza: intaneti ikikatika saa tano asubuhi, keshia afanye nini? Kwa duka lile la Kariakoo jibu halikuwa gumu wala la gharama kubwa. Kompyuta ndogo moja pale dukani inatunza bei, bidhaa na wateja, inapokea mauzo yote kwanza, na kuyapanga foleni kwenda kwenye wingu. Wingu linabaki na kazi linayoiweza kuliko yeyote: kuunganisha matawi, kutunza nakala, kumpa mwenye duka ripoti akiwa safarini Guangzhou.

Ugumu uko kwenye mambo madogo, na mambo madogo hayo ni ya kibiashara kuliko ya kifundi. Namba za risiti: kama kaunta mbili zinategemea seva moja kutoa namba, zikitenganishwa zitatoa namba moja mara mbili, kwa hiyo kila kaunta ipewe mfululizo wake, A na B, tangu siku ya kwanza. Mzigo wa mwisho: tawi la Kariakoo na la Mbagala yanaweza kuuza bati la mwisho kwa dakika moja, kila moja likidhani bado lipo. Hakuna programu itakayolizuia hilo mtandao ukiwa umekatika. Mwenye biashara ndiye anayeamua: je, ni afadhali mara chache kumpigia mteja simu kumwomba radhi, au ni afadhali kukataa kuuza siku nzima? Deni: keshia asiyeweza kuona salio la sasa la mteja aruhusiwe kumkopesha mpaka kiasi gani? Mwenye duka wangu alifikiri kidogo tu, akataja kiwango, kwa sababu enzi za daftari alikuwa nacho tayari kichwani. Kilichokuwa kimetokea ni kwamba alipohamia kwenye mfumo, hakuna aliyemwomba akipeleke humo. Hapo ndipo ninapopata uchungu. Maarifa ya miaka thelathini ya kuuza bila mtandao yapo kwa wafanyabiashara wetu, na mifumo tunayowauzia inayafuta.

Wapo watakaosema suluhisho ni kukodi mawingu mawili kwa pamoja, la Amazon na la Microsoft, moja likianguka lingine lishike. Kwa benki kubwa sawa. Kwa kampuni ya watu arobaini ni kuajiri mafundi wa aina mbili, kulipa ankara mbili, na bado mkonga ukikatika yote mawili yako ng'ambo ileile. Vivyo hivyo laini mbili za intaneti: nimekuta ofisi yenye faiba ya kampuni moja na bando la kampuni nyingine, mwenyewe akiamini ana njia mbili, kumbe zote zilikuwa zinatokea kwenye mkonga mmoja. Muulize mtoa huduma wako data zako zinatokea kwenye mkonga upi. Asiyeweza kukujibu hajui, na wewe pia utakuwa hujui mpaka siku itakapokatika.

Vituo vya ndani je? Ninaviunga mkono kwa moyo wote. Kile cha taifa cha Kijitonyama kipo, Mombasa na Nairobi vipo kadhaa, na Mei 22, 2024, siku kumi tu baada ya mikonga kukatika, Microsoft na kampuni ya G42 ya Abu Dhabi walitangaza mpango wa dola bilioni moja nchini Kenya, ukiwa na kituo cha data cha kutumia mvuke wa ardhini Olkaria. Data ya mgonjwa wa Temeke isipolazimika kuvuka bahari ili isomwe Ilala, tumepiga hatua, mradi watoa intaneti wetu wabadilishane data hapahapa kupitia TIX, kituo cha kubadilishana data ndani ya nchi, na Nairobi kupitia KIXP. Ila kituo cha ndani hakifuti swali la keshia. Intaneti ilipozimwa nchini kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, kwa siku kadhaa, seva iliyokuwa Kijitonyama na iliyokuwa Virginia zilikuwa mbali sawa kwa mtu aliye dukani na simu isiyo na data. Katika siku zile nzito, ambazo biashara ndiyo iliyokuwa ndogo kuliko yote yaliyopotea, duka la dawa ambalo mfumo wake ulikuwa na akili ndani ya jengo liliweza kujua lina insulini ngapi kwenye friji. Lingine lililazimika kufungua friji na kuhesabu, na halikujua nani aliahidiwa ipi.

Jambo moja zaidi, dogo kwa sura, ambalo limeua mifumo mingi kuliko moto na mikonga. Akaunti ya wingu ya kampuni mara nyingi imefunguliwa na kijana wa IT kwa barua pepe yake binafsi na namba yake ya simu, kwa sababu siku ile bosi alikuwa na haraka. Kijana akipata kazi kwingine, au wakikosana, kampuni haina mlango wa kuingilia nyumbani kwake. Na hata asipoondoka, mipangilio aliyoiacha inaweza kuwa wazi: mwaka 2019 benki ya Capital One ya Marekani, yenye wataalamu kibao, ilivujishiwa taarifa za watu wapatao milioni 106 kutokana na mpangilio mbaya wa kinga yake ndani ya wingu, na mwaka uliofuata ikatozwa faini ya dola milioni 80. Mwenye jumba anatunza lango, lakini mlango wa chumba chako unaufunga wewe. Akaunti iwe ya kampuni, barua pepe ya kampuni, namba ya ofisi, na nywila ya juu kabisa ikae kwenye sefu pamoja na hati ya kiwanja.

Kwa mwenye biashara anayesoma haya akiwa na mkataba mezani, wa kuhamia kwenye wingu au wa kurudi ofisini, ninaomba aongeze kifungu kimoja cha majaribio kabla ya malipo ya mwisho. Jumamosi saa nne asubuhi, duka likiwa limejaa, mtoa huduma asimame kaunta, na mwenye duka mwenyewe achomoe waya wa ruta na kuzima data kwenye simu zote. Wauze hivyo mpaka saa saba. Kisha waya urudishwe, na jioni hiyohiyo mhasibu akae na mtunza stoo walinganishe risiti, fedha na mzigo. Wiki inayofuata, kompyuta ya dukani izimwe na kufungiwa kabatini, ichukuliwe nyingine tupu, na mtoa huduma airudishe biashara nzima kutoka kwenye nakala huku saa inahesabiwa. Mwenye duka wa Kariakoo alifanya hivyo Agosti ile. Jaribio la kwanza lilifeli saa tano kasoro, printa ya stoo ilipogoma, na fundi akatumia wiki mbili kurekebisha kabla ya kulipwa.